Mtoto alikuwa anaongea, sasa kanyamaza na anasugua mikono: jibu kwa mama wa binti wa mwaka na nusu

Dada pole sana. Umesema binti alikuwa anaita mama na anashika kijiko mwenyewe, saivi haongei na anasugua mikono kutwa nzima, na mama mkwe anasema kachezewa. Wa kwangu alianza hivyohivyo.

Usikubali kuambiwa "anachelewa tu". Kuchelewa ni kitu kingine, kupoteza alichokuwa anakiweza ni kitu kingine kabisa, na hilo ndo umwambie dokta kabla hata hujakaa vizuri. Sisi tuliambiwa wengine wavivu wa kuongea tukarudishwa na dawa ya minyoo 😏 kilichotusaidia ni video za zamani kwenye simu ya baba yake, anapiga makofi, anakula uji mwenyewe. Dokta wa mishipa ya fahamu wa watoto aliziangalia zote, akapima kichwa akalinganisha na kadi ya kliniki, kumbe kichwa kilishapunguza kasi ya kukua.

Majibu yakaja Rett, ugonjwa wa jeni unaovuruga ukuaji wa ubongo. Andreas Rett wa Vienna aliiandika 1966, jeni yake MECP2 ikajulikana 1999. Inapata kama msichana 1 kati ya 10,000, wavulana nadra mno. Kwa karibu wote hitilafu ni mpya, hujairithisha wewe, tena mara nyingi inaanzia kwenye mbegu za baba, kwa hiyo mama mkwe mfikishie salamu.

Ila sio kila anayerudi nyuma ana Rett. Ipo Landau-Kleffner, ugonjwa mwingine wa ubongo, mtoto anapoteza lugha mpaka mnadhani ni kiziwi, kawaida kuanzia miaka 3 hivi, na umeme wa ubongo unavurugika zaidi akilala, ndo maana EEG (kipimo cha umeme huo) ifanyike akiwa usingizini. Hiyo dawa zinaweza kusaidia kwa hiyo msiikose.

Kwa Rett kuna dawa inaitwa trofinetide, Marekani waliiruhusu 2023, haiponyi na bei yake usiulize. Sisi tunapambana na mazoezi ya viungo, mgongo usipinde, choo kigumu (hiki hawakwambii!), na degedege. Na mtazame macho, wa kwangu ukimshikia nguo mbili anaikodolea anayoitaka.

Akibana pumzi au akihema ovyo mrekodi, maana inafanana na kifafa na sio kila mara ni kifafa, dokta akiona video ndo ataamua kama aongeze dawa au asubiri EEG.