Jibu: Nyumba za safu za Shanghai ni za Kichina au za Kizungu?

Habari mkuu. Umekwama kwenye picha ya nyumba ya Shanghai: mlango wa Kichina, lakini nyumba zimeshikana kwa safu kama za Uingereza. Hiyo ni shikumen, na ni vyote viwili.

Anza na mlango. Fremu ya mawe na milango miwili ya mbao nyeusi yenye pete za shaba ni Uchina. Sasa inua macho juu ya fremu: ukiona pembetatu au nusu duara yenye maua ya plasta, hapo ni Ulaya. Nyuma ya mlango kuna ua mdogo ulio wazi juu, kisha sebule. Mpangilio wa Kichina, ila umebanwa, maana ardhi ya maeneo waliyoshika wageni ilikuwa ghali.

Umri je? Tazama paa. Vigae vidogo vya kijivu vilivyopinda kwa kawaida ni vya zamani zaidi. Vya bapa vya kiwandani vilikuja baadaye. Wengi hukosea kwa kuangalia rangi ya matofali tu. Na kama ni picha ya Xintiandi, mtaa wa shikumen hapo Shanghai, jihadhari: mtaa ule ulifanyiwa ukarabati mkubwa, mwingi ukijengwa upya.