Kisigino changu na mikono iliyokishika

Ilianza Mei mwaka juzi, mwezi ambao Mbeya baridi inaanza kubisha hodi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikashusha mguu wa kulia sakafuni, nikarudi kitandani huku nimeuma kanga. Nilidhani nimekanyaga sindano. Nikawasha tochi ya simu nikakagua unyayo wote: hakuna tundu, hakuna wekundu, hakuna uvimbe. Mpaka nafika jikoni nilikuwa nanyata kwa vidole kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Cha ajabu, chai ilipochemka maumivu yalikuwa yamepungua. Saa nne, nikiwa dukani, nilikuwa nimeshasahau. Jioni, baada ya kukaa nusu saa kwenye gunia nikihesabu mauzo, nikainuka, sindano ikarudi palepale.

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Kazi yangu ni kusimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, kupima, kufunga, kuinua gunia na kulirudisha. Wakati huo nilikuwa navaa ndala bapa, soli imekwisha hadi nahisi kila kokoto. Mwili nao nimejaaliwa, sifichi. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo majibu yenyewe, ila nilizunguka miezi miwili kabla ya kuyaona.

Sokoni ukichechemea, kila mtu anakuwa daktari. Mmoja aliniambia gauti, niache nyama ya ng'ombe. Wa pili akasema nimekanyaga kitu nilichowekewa mlangoni. Wa tatu alikuwa na picha ya eksirei ya shangazi yake iliyoonyesha mwiba wa mfupa kwenye kisigino, akaniapia kwamba na mimi ninao. (Baadaye nilielezwa kwamba watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa bila kuwa nao. Kwa hiyo usikimbilie kuukata.)

Mikono ya kwanza kunishika ilikuwa ya mzee mmoja mkandaji kule Rungwe, alikonipeleka mama mkwe. Nilimwamkia, akanikalisha kwenye kigoda, akaupuuza unyayo kabisa. Alianza kubonyeza shavu la mguu, taratibu, kwa mafuta ya kupaka aliyoyapasha moto. Nikamwambia, "Baba, panapouma ni chini." Akajibu bila kuinua macho: "Kisigino kinalia, mwanangu. Anayekivuta yuko huku juu."

Nilimwona kama anakwepa swali. Lakini nilitoka pale natembea vizuri, na nafuu ilidumu siku mbili. Nilirudi mara tatu. Kila mara siku mbili, kisha yaleyale. Jambo lingine lililonifanya nimheshimu: siku moja aliletewa kijana mwenye mguu mmoja umevimba na una joto. Hakuugusa. Aliwaambia ndugu zake wakodi gari wampeleke hospitali saa ileile. Mkandaji anayejua wakati wa kukunja mikono ni mkandaji wa kweli.

Mikono ya pili niliifuata kwa sababu ya simu. Shemeji yangu alinitumia video moja ya mtu anayelazwa kwenye kitanda chembamba, anasukumwa mgongo, mifupa inalia kama kuni kavu, anainuka anacheka. Kiropraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono. Ukitazama moja, simu inakuletea ishirini. Baada ya wiki moja nilikuwa nimeshaamini kwamba mwili wangu mzima unahitaji kulizwa mifupa tu.

Nikampata mtoa huduma. Jina lake silitaji wala mtaa. Alinilaza, akaukandamiza mgongo, ukalia kweli, na nikasikia wepesi ambao sikuwahi kuusikia tangu nianze kubeba magunia. Hilo nalisema kwa haki yake. Kisha akanionyesha mchoro wa uti wa mgongo wenye mishale inayokwenda kila kiungo, akaniambia kisigino, presha yangu, vidonda vya tumbo na hata usingizi mbaya vyote vinatoka kwenye pingili zilizohama. Nilipie vikao kumi na viwili kwa mkupuo, laki nne na nusu. Nilikuwa naishika pochi, nakiri. Ndipo akaongeza kwamba kadiri tutakavyoendelea nianze kuacha dawa za presha, kidogo kidogo.

Nilichukua kanga yangu nikaaga.

Nyumbani nilianza kusoma, na hapo nikaelewa maneno yale yalikotoka. Kiropraktiki ilianzia Marekani mwaka 1895, mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alidai kwamba alimrudishia uwezo wa kusikia mfanya usafi mmoja, Harvey Lillard, kwa kusukuma mfupa wa mgongo. Kutokana na hapo akajenga imani kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili iliyokaa vibaya na kubana neva. Miaka zaidi ya 120 imepita, na wengi katika fani hiyo wameshaiacha imani hiyo. Katika nchi wanakoisomea vyuoni kwa miaka kadhaa, kazi yao kubwa ni mgongo, shingo na viungo, na wapo wanaoshughulikia miguu pia: wanachezesha viungo vya kifundo na unyayo, wanakanda misuli, wanatoa mazoezi. Ukimpata wa namna hiyo, hutofautishi sana kazi yake na ya fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi. Lakini wapo waliobaki mwaka 1895, na hao ndio wanaouza vikao kwa mkupuo.

Na ule mlio? Si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute, na kiungo kikivutwa ghafla hewa iliyomo ndani ya ute huo inafanya kipovu, kama unapopasua vidole. Unaweza kupata nafuu bila mlio, na ukapata mlio bila nafuu.

Mikono ya tatu ilikuwa ya dada mmoja mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, fizio wa hospitali. Nilikaa foleni asubuhi nzima. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, hatua ipi inauma zaidi? Ya kwanza au ya mia?" Nikasema ya kwanza. Akabonyeza kwa kidole gumba sehemu ya ndani ya kisigino, kwa mbele kidogo. Niliruka nusu niangushe kiti. Akaandika.

Alinieleza hivi. Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, unaoshikilia upinde wa mguu. Ukisimama kutwa kwenye sakafu ngumu bila kiatu cha maana, na shavu la mguu likiwa limekakamaa, ukanda unavutwa kupita uwezo wake pale uliposhikamana na kisigino. Usiku tunalala vidole vimeelekea chini, kwa hiyo ukanda unajikunja. Asubuhi uzito wote unaushukia ghafla. Ukishatembea unalegea, ndiyo maana saa nne nilikuwa mzima. Nikamkumbuka mzee wa Rungwe na shavu lake la mguu. Alikuwa sahihi. Alichokosa ni kunipa kitu cha kufanya nikiwa nyumbani.

Kazi niliyopewa ndiyo hii, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kabla ya kushuka kitandani, unapandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, unavuta vidole kuelekea kwako hadi usikie unyayo umekaza kama kamba ya gitaa, unahesabu kumi, unaachia. Mara kumi. Unarudia mchana na jioni. Hili peke yake lilinipunguzia kilio cha asubuhi ndani ya wiki tatu hivi. Kisha unasimama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino hakinyanyuki, unaegemea mbele sekunde 30 hadi shavu la mguu livutike.

La tatu ndilo zito, na ndilo nililolidharau. Unaviringisha taulo, unaliweka ukingoni mwa ngazi ya mlangoni, vidole vinakaa juu ya taulo, kisigino kinaning'inia. Unajiinua kwa sekunde tatu, unatulia mbili, unashuka kwa tatu. Polepole, usirukeruke. Mara kumi na mbili, unapumzika, unarudia hadi raundi tatu, siku moja unafanya na moja unapumzika. Mwanzoni nilitumia miguu yote miwili kwa sababu mmoja haukuweza. Ulipozoea, nikavaa begi la mwanangu la shule mgongoni lenye kilo tano za mchele. Majirani zangu Ilomba walidhani najiandaa kujiunga na JKT.

Barafu pia alinitajia: chupa ya maji iliyoganda, uiviringishe chini ya unyayo dakika kumi. Julai Mbeya sikuhitaji friji, chupa iliyolala nje ilitosha.

Na ndala niliachana nazo, hata ndani ya nyumba. Nilikwenda kwenye mitumba ya soko la SIDO kutafuta raba. Usinunue kwa rangi. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe ngumu. Kikunje kiatu: kikunjike kwenye vidole, si katikati kama chapati. Soli iwe nene kidogo nyuma kuliko mbele, na upande mmoja usiwe umeliwa na mwenye kiatu wa kwanza, maana utarithi mwendo wake. Dukani nilitandika kipande cha zulia kuukuu, mikunjo miwili, pale ninaposimama kwenye mizani.

Usiulize kama nilipona haraka. Wiki ya sita nilikuwa nimepata nafuu ya nusu. Kisha mchele mpya wa Kyela ukaingia kwa wingi, nikazidiwa na kazi, mazoezi nikayaacha siku kumi na tano. Maumivu yalirudi na mizigo yake yote. Nilianza upya kwa hasira. Krismasi ndiyo ilinikuta nashuka kitandani bila kufikiria mguu, miezi saba na ushee tangu siku ile. Fizio alikuwa ameniambia wengi wanapona ndani ya mwaka mmoja bila kisu, nikadhani ananitisha. Sindano ya kisigino tuliizungumza: inatuliza kwa wiki kadhaa, lakini inaweza kuudhoofisha ukanda hadi ukakatika. Niliikataa.

Kuhusu magonjwa mengine ambayo watu huwapelekea wanyoosha mgongo, nitasema kwa kifupi. Kiuno cha kawaida, kile cha kuinama na kubeba, kinaweza kupata nafuu kwa kunyooshwa na mtu anayejua kazi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 wa maumivu sugu ya kiuno liliweka tiba hiyo kati ya zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi. Mwongozo huohuo haukuipendekeza mikanda ya kiunoni, ile tunayouziwa stendi. Shingo, mimi siruhusu mtu aizungushe ghafla. Ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ukaleta kiharusi. Presha, pumu, vidonda vya tumbo, kikojozi: hayo hayatibiwi kwa kusukuma pingili, na dawa zako usiziache kwa neno la mtu ambaye hakukuandikia.

Usikae na mguu nyumbani, wala kuupeleka kwa mkandaji yeyote, kama umevimba upande mmoja na una joto, kama una kisukari na nyayo zinawaka au zimekufa ganzi, au kuna kidonda usichokumbuka kilivyoanza. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, kukonda na jasho la usiku yanahitaji kupimwa, maana kifua kikuu kinakaa hata kwenye uti wa mgongo. Na mgongo ukiambatana na ganzi ya makalio, miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Yeyote utakayemwendea, muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Watoa huduma wa tiba mbadala wana baraza lao nchini, na aliyesajiliwa haoni haya kuonyesha cheti. Muulize pia utafanya nini nyumbani baina ya kikao na kikao. Akikosa jibu la swali hili la pili, mimi huwa naaga.

Januari nilimpelekea mzee wa Rungwe kilo kumi za mchele. Akaniuliza mguu, nikamweleza habari za taulo. Hakuelewa, ikabidi nivue viatu nimwonyeshe mlangoni kwake, juu, tulia, chini. Alitazama raundi nzima kimya.

"Kumbe ndivyo wanavyofanya hawa mama wanaopandisha mikungu ya ndizi kila siku ya gulio," akasema. Akavua makatambuga yake, akashika mwimo wa mlango, akajaribu mara nne. Nilipoaga aliniomba nimwachie lile taulo.