Anayechekwa Awe na Nafasi ya Kujibu

Vijana wanaoanza uchekeshaji hapa Nairobi huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: dini na kabila naruhusiwa kuzigusa? Nawaambia waziguse. Pumwani nilikokulia, adhana ya alfajiri huwaamsha Waislamu na wasio Waislamu pamoja, na Jumapili ngoma za Wakorino, wale Wakristo wa vilemba, husikika kabla wauza mandazi hawajazima moto. Panda matatu yoyote umsikilize kondakta Mluhya akibishana na abiria Mkikuyu kuhusu chenji, kila mmoja na lafudhi yake. Anayekwambia uyaache mambo hayo anakwambia usiizungumzie Nairobi, na sioni mchekeshaji atabaki na nini.

Kazi yangu ni kuwaandikia wengine. Napitia maandishi ya wachekeshaji na ya MC wa harusi kabla hawajashika maiki, na jioni nyingi nimekaa meza ya nyuma kumbini, Westlands au Kenya National Theatre, nikiwatazama watu badala ya jukwaa. Ukikaa huko nyuma miaka kadhaa utaanza kuona kitu ambacho aliye jukwaani hakioni kwa sababu ya taa. Utaona ni nani amecheka kwa sababu amefurahi na ni nani amecheka kwa sababu hana la kufanya. Na nimefikia kuamini kwamba mzaha unageuka tusi pale anayechekwa anapokosa nafasi ya kujibu.

Wazo hili wazee wetu walilijua zamani. Utani wa jadi ni wa pande mbili. Mjukuu humtania babu yake kwamba ni mzee aliyechoka, na babu humjibu kwamba mjukuu akitangulia kufa, babu ndiye atakayemrithi mkewe. Tanzania, Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka atapigwa, na mtani huruhusiwa kufanya vituko hata msibani, akaiga mwendo wa marehemu na kudai pesa ndipo mazishi yaendelee. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa kila upande unajua zamu yake itafika. Hata mchongoano, mchezo wa watoto wa kutupiana dhihaka katika mitaa ya hapa Nairobi, una utaratibu huo huo. Mmoja anasema, "Kwenu nyumba ni ndogo hadi ugali ukiingia, mboga inangoja nje," na mwenzake anajibu kwa kali zaidi, na waliosimama kando ndio waamuzi. Nilipokuwa mtoto, aliyeambiwa neno akaanza kulia, mchezo uliisha hapo hapo. Na mtu ambaye kwao kweli walikosa chakula jana, tulijua hatumchongoi kuhusu njaa.

Sasa nikueleze nilichokiona Westlands. Mchekeshaji mmoja kijana, mwenye kipaji na asiye na ubaya wowote moyoni, alitoa kile kichekesho cha Msomali anayeingia kwenye matatu na begi, abiria wote wakashuka. Nimekisikia kwa sura nyingi, na daima watu hucheka. Safari hiyo, meza ya tatu kutoka mbele alikuwepo msichana mwenye hijabu pamoja na wenzake wa kazini. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Naye alicheka. Angefanya nini? Asingecheka, angekuwa amethibitisha kila kitu kilichosemwa. Angeinuka atoke, angetoka akiwa amebeba begi lake. Mchekeshaji aliona amecheka, akadhani amepewa ruhusa, akaendelea na kingine cha aina hiyo.

Wanaotetea kichekesho hicho huniambia kwamba kila kabila linachekwa, kwa nini Wasomali waachwe? Nawaomba wakumbuke kilicho nyuma yake. Septemba 2013 watu 67 waliuawa na magaidi wa al-Shabaab, kundi la Somalia, katika jumba la maduka la Westgate. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, huko huko kaskazini mashariki wanakoishi Wasomali wengi. Kwa msichana yule, kutazamwa na abiria wanapoona amebeba begi ni safari yake ya kila siku kwenda kazini. Mkikuyu akiitwa mpenda pesa ataudhika kidogo, lakini hakuna askari atakayemsimamisha Moi Avenue kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukipima mzaha, usipime maneno peke yake. Jiulize maneno hayo yatamfuata mtu hadi wapi akishatoka ukumbini.

Mnaweza kudhani basi Uislamu usiguswe. La, guseni, lakini mjue mnachokisema. Wakati wa Ramadhani nimesikia vichekesho vizuri sana kutoka kwa vijana wa Eastleigh na South C. Mmoja nilimsaidia kunoa hiki: "Mjomba wangu hafungi hata siku moja, lakini saa ya kufuturu anaijua kuliko muadhini." Waislamu waliokuwepo walipiga meza, kwa sababu kila nyumba ina mjomba kama huyo. Kingine kilihusu wenzake wa ofisini Wakristo wanaomhurumia hadi wanakula wamejificha chini ya meza, "nimefunga mimi, wanaoteseka ni wao." Pande zote mbili zimeguswa na pande zote mbili zinaweza kuongeza neno. Saumu yenyewe haikudhihakiwa. Kilichochekwa ni tabia za watu mbele ya saumu, na tabia ni mali ya umma.

Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu watenganishe mambo mawili: anachokitenda mtu na anachokipigia magoti. Mhubiri anayeingia kanisani na walinzi sita ni tendo. Msimamizi wa msikiti anayehesabu sadaka mara tatu ni tendo. Hayo yacheke hadi uchoke. Lakini Mtume kwa Waislamu, Ekaristi kwa Wakatoliki, kilemba cha Mkorino, hivyo watu hawakuvichagua ili wakufurahishe. Sisemi haviwezi kutajwa. Nasema asiyekuwa wa imani hiyo anahitaji kuijua vizuri kabla hajavitaja, na nikiwa mkweli, wengi wanaovitaja jukwaani hawajawahi hata kuketi na mwumini mmoja wakamuuliza. Kilemba wanakichukua kama vazi la kuchekesha tu. Katika nchi ambayo Mahakama Kuu ililazimika kuamua mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa Rastafari asifukuzwe shule kwa ajili ya nywele zake, mambo ya kichwani si mepesi kama yanavyoonekana kutoka jukwaani.

Wachungaji nao. Mwaka wa 2014 runinga moja ilipofichua habari za pasta aliyekuwa akiwaomba waumini "mbegu" ya shilingi 310, Nairobi nzima ilicheka, na ilikuwa sawa kucheka. Ila sikiliza vizuri utagundua vichekesho vilikuwa vya aina mbili. Aina ya kwanza ilimcheka pasta: ujanja wake, bei yake ya ajabu, maji yake ya rangi ya kuoshea miguu ya wagonjwa. Aina ya pili iliwacheka wagonjwa wenyewe. Pasta alikuwa na redio, alikuwa na mimbari, na alijibu mara nyingi alivyotaka. Yule mama aliyetuma shilingi 310 kwa sababu hospitali ilimwambia hakuna dawa, yeye alijibu wapi?

Kuhusu Shakahola sina maneno ya kuzunguka. Miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi kuanzia Aprili 2023. Wakati huo huo simu zetu zilikuwa zimejaa mizaha ya kufunga hadi umwone Yesu. Familia zilisubiri karibu mwaka mzima vipimo vya vinasaba kabla miili ya kwanza kutolewa kwa mazishi, Machi 2024. Miongoni mwa waliofukuliwa walikuwemo watoto. Nikipewa maandishi yenye mzaha juu ya waliokufa, narudisha na kuomba ufutwe, hata kama umetungwa kwa ustadi. Anayetaka kuligusa jambo hilo na ashughulike na wenye mamlaka ambao walipewa taarifa na hawakufika kwa wakati. Hao wapo, wana ofisi, na wana wasemaji wa kuwajibia.

Kuna mzaha mwingine ambao sitaki kuuona kwenye karatasi zangu, na huu hutoka sana kwa MC wa harusi, si kwa vijana wa Westlands. Ni ule wa tohara dhidi ya Wajaluo, ambao kwa jadi hawatahiri. Wengi huuchukulia kuwa wa kawaida, kama wa samaki au wa majigambo. Samaki na majigambo sawa, Wajaluo wenyewe wanavitania kuliko sisi. Lakini katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100, kuna wanaume waliokamatwa Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu barabarani kwa mapanga na vipande vya chupa. Jambo hilo lilifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Baba aliyeketi kwenye hema la harusi, upande wa bwana harusi, huenda ana ndugu aliyepitia hayo. Hawezi kujibu kwa sababu ni siku ya mwanawe. MC anajua hawezi kujibu, na ndiyo maana mzaha huo unanichukiza.

Sitaki mfikiri kwamba lafudhi na kabila ni mwiko. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi katika kipindi cha runinga cha Vitimbi alizungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo. Nchi nzima ilimpenda, Wajaluo wakiwemo. Nimemfikiria sana mzee huyu kwa sababu ya kazi yangu. Naona siri ni kwamba lafudhi haikuwa kichekesho chenyewe. Ojwang alikuwa mtu kamili: ana mke anayemjibu, ana hasira, ana hila, mara ashinde mara ashindwe. Ungemwondolea lafudhi angebaki na hadithi. Basi ukiandika mhusika wa kabila lingine, mwondolee lafudhi kwanza uone kinachobaki. Kikibaki kitupu, hujaandika kitu.

Na wenye nguvu? Kikundi cha wachekeshaji cha Redykyulass kilimwiga Rais Moi akiwa bado Ikulu, wakati ambapo watu walizoea kuangalia nyuma kabla ya kulitaja jina lake. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujibu kuliko yeye. Ujasiri wa namna hiyo ndio ninaoutaka kwa vijana wetu, na nashangaa wanaposema wao ni majasiri kwa kumcheka muuza duka wa Eastleigh.

Sheria nitaipitia haraka, maana wengi huanza nayo na huko ni kuanza mwisho. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayekusudia kuumiza hisia za mtu za kidini. Katiba nayo, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza na kutoa matamshi ya chuki nje ya ulinzi huo. Zijue. Ila mchekeshaji anayejipima kwa yale ambayo polisi wanaweza kumkamatia amejipima na kipimo cha chini mno.

Jambo linaloharibu kazi nzuri siku hizi ni video fupi. Ukumbini una dakika kumi za kujenga: umejitaja wewe, umetaja mama yako, umemtania Mkamba, amekujibu kutoka meza yake, kisha ukafika kwenye jambo lenyewe. Mtandaoni zinapakiwa sekunde thelathini za mwisho, na anayeitazama Garissa au Kisumu hakuwa na meza ya kujibia. Kata video zako mwenyewe. Usimwachie mpiga picha. Acha ile sehemu uliyojibiwa iwemo, hata kama jibu lilikuzidi. Na kichekesho cha kabila au dini ya watu wengine, kabla hakijafika jukwaani, kipeleke kwa mmoja wao umsomee uso kwa uso, na asiwe rafiki yako wa karibu, maana rafiki atakusitiri. Mimi huwapeleka vijana kwa mzee mmoja Pumwani ambaye hacheki ovyo. Akisema, "Mwanangu, hili lina ukweli lakini umelisema kwa mdomo wa mtu asiyetujua," tunarudi kuandika upya, na mara nyingi kinachotoka kinachekesha zaidi, kwa sababu mzee ameongeza jambo tusilolijua.

Malalamiko yatakuja hata ukifanya yote hayo. Usiyapokee kwa uzito mmoja. Askofu akilalamika kwa sababu umetaja gari lake, mshukuru kwa kutazama na uendelee kulitaja. Mbunge akisema umetukana kabila lake zima ilhali ulimtaja yeye na barabara aliyokula, taja barabara kwa jina. Lakini akikuandikia mtu asiye na wafuasi wala cheo, akakwambia alikuwa ukumbini na hakuweza kusema neno, usimjibu kwamba ulikuwa mzaha tu. Mpigie simu. Muulize ni sentensi gani, na mwache amalize kuzungumza kabla hujajieleza.