Swali: Kodi ya kompyuta (code) tuiweke wapi kwenye digrii ya fizikia?

SWALI: Habari za kazi Dokta. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fizikia kwenye chuo kimoja huku Tanzania. Mtaala wetu unakaribia mapitio na mkuu wa idara kanipa kazi ya kuandika pendekezo la kuingiza kompyuta kwenye digrii. Idara imegawanyika, wengine wanataka tuongeze kozi moja ya Python, lugha ya kuprogramu, ifundishwe na watu wa kompyuta, wengine wanasema kodi iingie ndani ya kozi zetu wenyewe. Pia wanafunzi wengi hawana laptopu, na siku hizi akili bandia inawaandikia kodi yote, sasa tutawapimaje? Naomba mwongozo.

JIBU: Salama kabisa mwalimu. Nikujibu moja kwa moja: iweke ndani ya kozi zenu wenyewe, na anza na mekanika ya mwaka wa kwanza. Hiyo kozi ya Python inaweza kuwepo pia, sina ugomvi nayo, ila ikiwa peke yake haitafanya kazi mnayoitaka.

Kwa nini nasema hivyo. Kozi ya kuprogramu inayofundishwa na idara nyingine itamfundisha mwanafunzi wako kupanga majina kwa alfabeti, kukokotoa wastani wa alama, kutengeneza kimenyu cha duka, na atafaulu vizuri tu. Halafu mwaka wa pili anakutana na mlinganyo wa mwendo ambao hautatuliki kwa kalamu na anakaa anauangalia, wala hafikirii kufungua kompyuta, maana hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kwamba lupu (kodi inayojirudia hatua kwa hatua) aliyojifunza kule ndiyo ingemtatulia huu mlinganyo huku. Wenzetu wa kompyuta hawana kosa hapo, wao wanafundisha cha kwao. Kazi ya kuunganisha ni ya kwetu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi na ningeomba uiweke mbele kabisa kwenye pendekezo lako: kompyuta inabadilisha fizikia yenyewe tunayoweza kumfundisha mtoto wa mwaka wa kwanza. Angalia tunachofundisha sasa. Jiwe linarushwa lakini hakuna hewa. Pendulumu inabembea lakini kwa pembe ndogo tu. Tumezoea mpaka tunaona ndiyo fizikia ilivyo, kumbe tumechagua maswali yanayokubali kalamu. Ukiiachia pendulumu kutoka nyuzi 90, muda wa mzunguko mmoja unazidi ile fomula ya kwenye noti kwa kama asilimia 18, siyo tofauti ndogo hiyo, mwanafunzi anaipima kwa saa ya simu yake na uzi na nati. Kwa kalamu utamwambia asubiri mpaka ajue intigrali za eliptiki, hesabu za miaka ya mbele, ila kwa mistari kama kumi ya kodi anaiachia kutoka pembe anayotaka, anachora grafu, analinganisha na kipimo chake, basi. Jiwe lenye ukinzani wa hewa unaoongezeka kwa mraba wa kasi ni hivyo hivyo.

Sasa nikuonyeshe wiki moja inavyoweza kwenda, maana mapendekezo mengi yanakwama kwa sababu yanasema tu "stadi za kikompyuta" na hakuna anayejua darasani kutatokea nini. Chukua kitu kizito kilichofungwa kwenye springi, tungamo 1, ugumu wa springi (k) ni 1, msuguano hakuna. Wape mistari mitatu ndani ya lupu (x ni mahali kilipo, v ni kasi, a ni mchapuko, dt ni urefu wa hatua moja ya muda):

a = -x
x = x + v*dt
v = v + a*dt

dt iwe 0.1, aanze x ikiwa 1 na v ikiwa 0. Waambie wachore x kwa muda, halafu kwenye grafu ya pili wachore nishati yote, yaani ya mwendo jumlisha ya springi. Usiwaambie kitu kingine. Watakachokiona ni kwamba mtikisiko unakua wenyewe, na nishati inapanda, kila hatua inazidishwa na 1.01, kwa hiyo mzunguko mmoja tu ukiisha imeongezeka kwa karibu asilimia 87. Darasa litagawanyika hapo, wapo watakaosema kodi ina kosa, wapo watakaosema Python haiaminiki. Waache wabishane. Kisha waulize: nani anaiongezea springi nishati? Kisha waambie wabadilishe nafasi ya mistari miwili, v ihesabiwe kwanza halafu x itumie v mpya. Basi tu. Nishati inatulia, inayumba kidogo karibu na pale ilipoanzia lakini haikimbii tena.

Kwenye hicho kipindi kimoja mwanafunzi kajifunza kwamba kompyuta inaweza kukupa jibu la uongo bila kukuonyesha kosa lolote, kwamba sheria ya hifadhi ya nishati ni chombo cha kukagulia kazi na siyo sentensi ya kukariri, na kwamba ile 1.01 haikutoka hewani, anaweza kuitoa kwa kalamu kwenye mistari miwili ya aljebra, ni 1 jumlisha dt mraba. Yaani kalamu haijafa, imepata kazi mpya. Mwalimu wa idara ya kompyuta asingeweza kukufundishia hicho kipindi na wala si haki kumtarajia.

Hata kwenye historia ya fizikia ya kompyuta, springi ipo karibu na mwanzo. Mwaka 1953 pale Los Alamos, maabara ya Marekani, wanasayansi Fermi, Pasta na Ulam waliipa kompyuta ya MANIAC mnyororo wa vitu vilivyounganishwa kwa springi ambazo nguvu yake hailingani kabisa na mvutiko wake, na programu aliiandika Mary Tsingou, ambaye jina lake liliachwa pembeni kwa miaka mingi. Walitarajia nishati isambae kwenye mitikisiko yote, badala yake ikasambaa kidogo halafu ikarudi karibu yote kule ilikoanzia. Hakuna aliyelitegemea hilo na limezaa utafiti mpaka leo. Mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu anaweza kulirudia kwenye laptopu yoyote akiwa na vitu 32 kwenye mnyororo, na kodi yake itakuwa ndugu wa ile mistari mitatu ya mwaka wa kwanza. Huo ndio uzi ninaotaka mtaala wenu uwe nao, kitu kile kile kinakua mwaka hadi mwaka.

Kama wakubwa wanataka mfano wa chuo kilichofanya, wapelekee Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway. Mageuzi yao yalianza karibu 2003. Semista ya kwanza wakapanga kalkulasi, kozi ya modeli na ukokotoaji, na kozi ya kuprogramu zikasomwa pamoja, zikiongea lugha moja, halafu semista ya pili kozi ya mekanika ikatumia hayo yote bila kuomba radhi. Kwa hiyo kozi ya kuprogramu walikuwa nayo, ila mifano yake ilikuwa ya hisabati na sayansi na ilipangwa kwa pamoja na wale wa fizikia. Hapo ndipo kambi zako mbili zinaweza kupatana: watu wa kompyuta wafundishe, lakini mkae nao mchague mazoezi pamoja, na wiki ile ile mekanika iyatumie. Ila usiinakili Oslo nzima mara moja, wao walikuwa na idara kadhaa zinazosukuma kitu kimoja kwa miaka. Wewe anza na kozi moja, mazoezi matatu au manne ya semista, yachukue nafasi ya baadhi ya mazoezi ya zamani, yasiongezwe juu yake, la sivyo wanafunzi watayachukia na wenzako watakuwa na sababu ya kuyafuta.

Lugha iwe Python, usipoteze vikao hapo. Kuna wakongwe watakaotetea Fortran, lugha ya zamani ya ukokotoaji, na wana hoja, programu ya Quantum ESPRESSO ambayo vikundi vingi vya elektroni za vitu yabisi Afrika vinaitumia imeandikwa kwa Fortran, na ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa elektroni, iliyofanyika Eldoret, Kenya, 2012 ilikuwa ni ya mambo hayo hayo. Lakini huyo ni mwanafunzi wa masters. Wa mwaka wa kwanza anahitaji aone grafu yake siku ile ile.

Vifaa visiwatishe. Kodi ya springi inamalizika kwa muda mfupi sana hata kwenye kompyuta ya zamani ya maabara, hamhitaji mashine mpya. Weka programu za kusakinisha kwenye flashi ili watu wasimalize bando, wafanye wawili wawili kwenye mashine moja na wabadilishane kibodi. Asiye na laptopu atumie simu ya Android, Pydroid 3, programu ya kuendeshea Python kwenye simu, ikishasakinishwa inafanya kazi bila intaneti na kwa mistari kumi kumi inatosha kabisa. Google Colab, ya kuendeshea Python kwenye kivinjari, ni nzuri ila inataka mtandao muda wote, kwa hiyo isiwe tegemeo lenu. Na umeme ukikatika, hatua tano za kwanza zifanywe kwa kalamu na kikokotoo kwenye jedwali. Mimi hiyo ningeifanya hata umeme ukiwepo, maana aliyejaza jedwali kwa mkono hapotei tena ndani ya lupu.

Kuhusu akili bandia. Ni kweli itaandika kodi yote ya springi kwa sekunde chache na itakuwa sahihi, kwa hiyo kutoa alama kwa kodi iliyoletwa kutoka nyumbani kumeshaisha maana. Hamishia alama kwenye mambo mawili. La kwanza, karatasi ya mtihani bila kompyuta: mpe kodi iliyochapwa yenye mstari mmoja umefutwa aujaze, au mpe grafu ya nishati inayopanda aseme tatizo liko wapi na angelithibitishaje. La pili, maongezi ya dakika chache kwenye maabara, unakaa na jozi, unabadilisha dt kuwa 0.5 mbele yao na kuwauliza kabla hawajabonyeza chochote, grafu itakuwaje? Aliyeelewa atakujibu, hata kama kodi alisaidiwa. Kwa darasa kubwa hutawafikia wote kila wiki, wagawe kwa zamu ili kila jozi ipitiwe angalau mara moja kwa semista, na wasaidizi wa maabara uwafundishe hayo maswali mapema.

Kwenye pendekezo lenyewe, kwa kuwa litaishia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), andika matokeo ya ujifunzaji kwa vitendo vinavyopimika: mwanafunzi ataweza kugeuza mlinganyo wa mwendo kuwa hatua za ukokotoaji, ataweza kukagua jibu la kompyuta kwa sheria ya hifadhi au kwa hali ambayo jibu lake linajulikana. Jina la Python usiliandike kwenye matokeo, liweke kwenye maelezo ya kozi, ili lugha ikibadilika msilazimike kuanza upya.