Re: Hisa zangu zote zinashuka siku moja, nitawanyeje?

Mkuu habari, salamu toka Tabora. Kwa hiyo una CRDB, NMB na DCB na unashangaa zinashuka pamoja. Kaka hapo hujatawanya hatari yoyote, zote benki hizo, BoT (Benki Kuu) ikigusa riba zinaguswa zote.

Chukua bei za kufunga za kila Ijumaa toka DSE (soko la hisa la Dar), miaka miwili hivi, weka kwenye Excel, tafuta badiliko la asilimia wiki kwa wiki (usitumie bei yenyewe, itakudanganya) ndo upige CORREL, fomula ya Excel inayopima hisa mbili zinatembea pamoja kiasi gani. Ikija karibu na 1 zinatembea pamoja, karibu na 0 kila moja na njia yake, chini ya 0 zinapishana, moja ikipanda nyingine inashuka. Ila cha kuangalia kwanza ni idadi ya hisa zilizouzwa, maana soko letu lina hisa zinazokaa wiki nzima hazijaguswa, bei imeganda, unapata 0 ya uongo halafu unajiona umetawanya.

Mi nina benki moja, Twiga Cement na hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba). TCC (kampuni ya sigara) nimeiacha makusudi, kipato changu chenyewe ni tumbaku huku Urambo, sitaki na sigara tena juu yake. Wewe unalima au umeajiriwa?