Maswali ya Barabarani: Taa Zako Zinafika Wapi?

Usiku magari ni machache. Mbona ajali zake ndizo zinazoua? (Dereva wa Noah, Usagara)

Uchache huo ndio unaokutia hamu ya kukanyaga mafuta. Taa za dimu hukuonyesha mita 50 hivi. Ukiwa kwenye 80 unakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke, ushike breki na gari lisimame, umeshapita karibu mita 70, na hapo lami ni kavu. Yule mwenye baiskeli ya mkaa isiyo na taa utamwona, ila huna tena pa kusimamia. Mchana ungemwona toka mbali, ungepunguza, pengine ungemkwaruza tu. Ukiwa kwenye 50 unasimama ndani ya mita 35. Kwa hiyo msinisingizie giza. Na abiria wako wa nyuma wafunge mikanda hata kama hakuna trafiki.

Kona yetu ina jini, kila mwezi linaangusha gari usiku. Tufanyeje? (Magu)

Fyekeni nyasi, daini alama ya kona. Swali hili nimelichoka.

Nimefunga balbu nyeupe kali, wenzangu wananipigia fulu. Wivu? (Nyakato)

Umewapofusha. Balbu ya LED ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni hutawanya mwanga ovyo, na macho ya unayepishana naye huchukua sekunde kadhaa kurudi. Wenye magari yaliyotoka Ujerumani na mnaocheka, ngojeni: kule wanaendesha kulia, kwa hiyo dimu la magari hayo huinuka upande wa kulia, yaani usoni mwa mwenzako hapa kwetu. Mwone fundi.

Saa gani ni mbaya zaidi? (Bodaboda, Buzuruga)

Karibu saa moja jioni. Ukitoka Igoma kuja mjini Mwanza jua liko usoni, kioo cha daladala kina vumbi, dereva hakuoni. Likishazama, dakika 20 tu giza limeingia, na bado kuna watu hawajawasha taa eti wanatunza betri. Vaa kizibao cha kuakisi. Helmeti ya abiria nayo ikae kichwani mwa abiria, si kwenye usukani.

Lori likiharibika usiku, matawi yanatosha? (Utingo, Lamadi)

Hayatoshi hata kidogo. Tawi haliakisi mwanga. Weka pembetatu mbali nyuma, washa hazadi. Na mkiondoka, yaokoteni yale mawe mliyozuilia matairi. Mwenye pikipiki atakayepita nyuma yenu hatayaona.