Gesi inasafiri, inasafirishwa au inachukuliwa tu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya sayansi kuhusu gesi zinazotoka viwandani ambazo watafiti wanazitumia kujua hewa inahamaje kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine. Nimeandika hivi: "Wanasayansi wanatumia gesi chache za kudumu za viwanda kuchunguza usafiri wa anga." Mhariri kapiga mstari mwekundu kwenye "usafiri" kaandika "usafirishaji", mwenzangu naye anasema neno ni "uchukuzi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mara ya kwanza nilivyoisoma sentensi yako nikaona ndege. Usafiri wa anga kwa mtu yeyote anayeongea Kiswahili ni tiketi, rubani na kiwanja cha ndege, kwa hiyo ulichomwambia msomaji ni kwamba kuna watu wanapima gesi ili wajue habari za mashirika ya ndege. Mhariri kashtuka mahali penyewe kabisa, ila dawa aliyotoa nayo ina matatizo yake.

Kusafiri ni kwenda mwenyewe. Kusafirisha ni kukifanya kitu kiende, na anayesafirisha kwa kawaida anajua anapeleka nini na kinafika wapi. Sasa andika "usafirishaji wa gesi" halafu mpe mtu asome bila kumwambia kitu, ataona lori limebeba mitungi au bomba limelazwa ardhini, na wala hajakosea, ndo maana yake ya kila siku. Mwenzako aliyesema uchukuzi amekaribia zaidi, kwa sababu kitenzi chukua tumekitumia kwa maji na upepo tangu enzi, mtumbwi umechukuliwa na mkondo, nguo zimechukuliwa na upepo, hakuna aliyekusudia kupeleka chochote popote. Shida ni kwamba nomino yenyewe imeshapata kazi nyingine, mchukuzi ni mpagazi na uchukuzi ni mambo ya mizigo na wizara. Kitenzi kiko huru, nomino imeajiriwa. Mi ningekaa na kitenzi.

Na hapa inabidi tuiangalie gesi yenyewe kidogo, maana ukijua inafanya nini hewani neno linajileta. Chukua salfa heksafloridi, hiyo wanayoiandika SF6. Kazi yake kubwa ni kwenye swichi kubwa za umeme, inajazwa mle ndani ili umeme usiruke. Ikivuja inaingia hewani na haina pa kwenda, mvua haiioshi, haichanganyiki kikemia na kitu, jua la huku chini haliivunji. Ni nzito kama mara tano ya hewa, wengine wanadhani basi itatuama chini kama tope kwenye ndoo, lakini ikishachanganyika vizuri hewa inaivuruga na kuizungusha mpaka inafika ncha za dunia. Yenyewe haina mwendo wake. Iko kama povu la sabuni kwenye mto, ukiliangalia povu unachokiona ni mto.

Utamu wake ni kwamba sehemu kubwa ya hizo swichi na viwanda iko kizio cha kaskazini, kwa hiyo gesi inavuja zaidi huko, halafu kuna vituo vya kupimia hewa kaskazini kule Alaska, vingine Hawaii, vingine kusini kama Cape Grim pale Tasmania mpaka ncha ya kusini yenyewe. Kila mwaka kiwango kinapanda kila mahali, ila kusini kinachelewa. Kiwango kinachoonekana kaskazini leo, kusini kinaonekana baada ya mwaka mmoja na kitu hivi. Hiyo ndo habari wanayoitafuta, kwamba hewa ya kaskazini inahitaji kama mwaka kuvuka na kuchanganyika na ya kusini, kwa sababu karibu na ikweta hewa za pande mbili zinakutana na kupanda juu badala ya kupitana, pale pako kama ukuta wenye matundu. Sasa niambie, hapo kilichochunguzwa ni nini? Sio gesi. Ni mwendo wa hewa. Kwa hiyo mi nakata usafiri, nakata usafirishaji, naweka "mwendo wa hewa", na ukitaka kuitaja gesi unasema "jinsi hewa inavyoichukua". Neno la Kiingereza, "transport", linatulazimisha tutafute nomino moja ya kubeba kila kitu, Kiswahili hakijatulazimisha.

Kuna kitu kingine mhariri hajakiona na kwangu ndo kizuri zaidi. Wewe umeandika "wanatumia gesi kuchunguza", iko sawa, lakini najua kwenye makala utalazimika kuipa jina hiyo gesi inayofanya kazi ya alama, na nimeshaona watu wakiandika "gesi fuatilizi", ulimi unateleza kabla hujamaliza, au "gesi ya kuchunguza". Hebu simama hapo. Maji ya kunywa ni maji yanayonywewa, kikombe cha kunywea ndo unachonywea. Nyama ya kukata, kisu cha kukatia. Basi "gesi ya kuchunguza" ni gesi iliyowekwa mezani ichunguzwe, na "gesi ya kuchunguzia" ni ile unayoishika mkononi kama kisu ili uchunguze kitu kingine. Kiambishi kimoja tu kinaitenganisha nyama na kisu! Andika "gesi ya kuchunguzia mwendo wa hewa", hutahitaji kubuni msamiati wowote na hata ambaye hajawahi kuingia maabara ataelewa.

Nije kwenye "chache". Chache inahesabu. Gesi chache ni aina tatu nne za gesi, watu wachache, siku chache. Wewe ulitaka kusema gesi zenyewe ni kidogo mno hewani, na kweli ni kidogo kiasi cha kuchekesha, ukichukua molekuli trilioni moja za hewa unakuta kama 11 au 12 hivi ndo SF6. Hilo ni "gesi za kiwango kidogo sana". Wengine wanakimbilia "gesi adimu", usiwafuate, jina hilo tayari limepewa heliamu, neoni na ndugu zao, utamchanganya mwanafunzi. "Haba" ingefaa kimaana, lakini gesi haba inanisikika kama kuna uhaba wa gesi ya kupikia.

"Za kudumu" nayo inasema zaidi ya ulichotaka. Ajira ya kudumu, makazi ya kudumu, yaani kitu kisicho na mwisho uliopangwa, wakati hizi gesi zina mwisho, tena unatofautiana sana. Chukua CFC, yaani klorofluorokaboni: CFC-11, ile ya majokofu ya zamani na mapovu ya magodoro, inakaa hewani kwa wastani wa kama miaka 50, CFC-12 kama 100. SF6 zamani walisema miaka 3,200 baadaye hesabu zikaishusha mpaka kama 1,000. Ile CF4 inayotoka kwenye viwanda vya alumini ni miaka 50,000, hiyo ukiiita ya kudumu sigombani na wewe. Kwa zote pamoja sema "zinazodumu muda mrefu", kirejeshi kinaacha mlango wazi kwamba siku moja zitaisha. Ukiandika "zinazoishi muda mrefu" sio kosa kubwa, watu wanasema betri imekufa na hakuna anayeenda kuzika, ila dumu au kaa zinatosha.

Kama hao CFC watatokea kwenye makala yako angalia sana nyakati za vitenzi, maana historia yao imepinda. Mwaka 1971 Mwingereza James Lovelock alipanda meli ya Shackleton na mashine ya kupimia aliyoibuni mwenyewe, meli ikaenda kutoka Uingereza mpaka Antaktika na njia nzima mashine ikaikuta CFC-11 hewani, hata kule ambako hakuna kiwanda wala mtu. Aliona hizi gesi zinafaa kuchunguzia mwendo wa hewa na bahari, na akaandika kwamba haoni madhara yake. Mwaka uliofuata baada ya makala yake kutoka, yaani 1974, wanakemia Molina na Rowland wakaonyesha zikifika juu kabisa zinavunja ozoni, ile gesi inayotukinga na miale mikali ya jua. Kwa hiyo "zilionekana hazina madhara" ni sahihi, "hazikuwa na madhara" ni uongo, na tofauti iko kwenye kitenzi kimoja ulichokiruka.

"Viwanda" na "viwandani" sitakuchosha. Gesi za viwanda inaweza kuwa mali ya viwanda, au gesi wanayoiagiza waitumie, gesi za viwandani unaisikia inatokea mle. Weka -ni.

Basi sentensi yako inakuwa: "Wanasayansi wanatumia gesi za viwandani, zilizo hewani kwa kiwango kidogo sana lakini zinazodumu muda mrefu, kuchunguzia mwendo wa hewa duniani." Imerefuka, najua mhariri atalalamika. Akikubana nafasi, cha kutoa ni "zilizo hewani kwa kiwango kidogo sana", maana kipimo kikiwa kizuri udogo wake hauzuii kazi. "Viwandani" usiiguse, kama hujui gesi imetokea wapi huwezi kujua imechukua muda gani kufika.